Nakosa mchujo kwa mkwaju mmoja, na mjomba anataka jibu

Shikamooni walimu wa safu,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Arusha. Nilianza gofu kwa kubeba mifuko ya wachezaji, nikacheza ridhaa hadi handikapu, kipimo cha kiwango cha mchezaji, ikafika sifuri, kisha nikaingia kwenye gofu ya kulipwa. Msimu huu unaoisha ni wa pili. Nimecheza mashindano 8 ya Sunshine Development Tour ya Afrika Mashariki, 5 Nairobi na maeneo ya jirani, 3 pwani ya Kenya.

Nimepita mchujo wa baada ya raundi mbili (mashimo 36) mara 3 tu, zote Nairobi na jirani zake. Mara hizo nilikuwa ndani ya mstari kwa mikwaju (mapigo ya mpira) 3, kwa mkwaju 1 na kwa mikwaju 4. Huko huko nilikosa mara 2, moja kwa mikwaju 5, nyingine kwa mkwaju 1. Hiyo ya mkwaju 1 inaniuma mpaka leo, kwa sababu nilichelewa kufika kwenye tii, pale shimo linapoanzia, dakika 3 nikaongezewa mikwaju 2. Pwani nimekosa zote: kwa mkwaju 1, kwa 2 na kwa 4. Kila nikiwa kule mipira yangu inafika mifupi na kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, naputi (nasukuma mpira kuelekea shimo) mara 34 kwa raundi, wakati Nairobi ni 31.

Fedha: wiki moja ya Nairobi inanila shilingi 910,000 za Tanzania (basi 60,000, malazi usiku 5 kwa 250,000, chakula 125,000, kiingilio 200,000, kedi, yaani mbeba mfuko, siku 4 kwa 200,000, bodaboda na matatu 75,000). Pwani inafika 1,350,000. Zawadi zote za msimu jumla ni 2,900,000. Mjomba alinikopesha milioni 6 na sasa anauliza, kwa haki yake, naelekea wapi.

Kuna klabu inanipa kazi ya kufundisha kwa 700,000 kwa mwezi. Rafiki yangu naye anasema tatizo ni draiva yangu (fimbo ya kupiga mbali) ya zamani, ninunue mpya kwa 1,800,000. Mpira wangu wa draiva unaruka mita 250, ayoni (fimbo ya chuma) namba 7 mita 150, weji (fimbo ya mipigo mifupi) ya digrii 52 mita 105, zote nimezipima hapa Arusha. Niendelee, nifundishe, au ninunue draiva?

Mpiga Gofu wa Arusha

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Barua yako ina namba, na tumeanza nazo.

Chukua tofauti yako na mstari wa mchujo katika mashindano yote 8. Uliyopita: 3 na 1 na 4, jumla 8. Uliyokosa: 5 na 1 na 1 na 2 na 4, jumla 13. Toa 8 kwenye 13, unabaki na mikwaju 5 ya upungufu kwa msimu mzima, yaani chini ya mkwaju mmoja kwa kila mashimo 36. Wewe unacheza juu ya mstari wenyewe, na kwenye mstari ule mpira mmoja ukidunda vibaya unarudi nyumbani mapema. Sasa jipe mikwaju 2 tu kwa kila mashimo 36. Ule wa kuchelewa unapita, wa pwani wa mkwaju 1 unapita, wa pwani wa mikwaju 2 unagusa mstari na kupita. Mara 3 zinakuwa 6 kati ya 8. Kwa hiyo kazi ya msimu ujao ni kutafuta mikwaju 2 hiyo ilipo, bila kuvunja mchezo ambao tayari unafanya kazi.

Kwa wasomaji wasioujua mfumo huu: mzunguko huu wa Afrika Mashariki ulianza 2024 chini ya Sunshine Tour ya Afrika Kusini, baada ya miaka ya Safari Tour ya Kenya. Mashindano ni ya mashimo 54. Wote wanacheza raundi mbili, mstari wa mchujo unachorwa, na waliokuwa ndani ndio wanaocheza raundi ya tatu na kugawana fedha. Walio juu kabisa kwenye orodha ya msimu wanapanda Sunshine Tour yenyewe, ambayo baadhi ya mashindano yake makubwa huandaliwa pamoja na DP World Tour ya Ulaya. Huku chini ni daraja la kupandia. Halikujengwa ili mtu aishi hapo miaka kumi.

Na hili linaonekana kwenye hesabu yako. Umepita mchujo mara 3 ukapata 2,900,000, wastani wa 967,000 kwa kila wiki uliyopita. Wiki yenyewe imekugharimu 910,000. Kwa nafasi unazomaliza sasa, kupita mchujo kunarudisha nauli na kukuachia 57,000 mkononi. Fedha ya kweli iko kwenye kumi bora, na hata huko mkwaju mmoja ni ghali. Tuseme nafasi ya 10 ina shilingi 50,000 za Kenya, ya 11 ina 46,000, ya 12 ina 43,000, ya 13 ina 40,000 na ya 14 ina 38,000. Mkifungana watano kwenye nafasi ya 10, zinajumlishwa zote, 217,000, zinagawanywa kwa tano: kila mmoja 43,400. Ungeputi moja zaidi ikaingia, ungekuwa peke yako na 50,000. Tofauti ni shilingi 6,600 za Kenya, takriban 132,000 za kwetu, ambazo kwa bei zako ni malazi ya usiku mbili na zaidi.

Twende pwani sasa, maana hapo ndipo mikwaju yako mingi ilipo.

Umepima fimbo zako Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hiyo ukienda kule namba zako zinabaki karibu zile zile. Ukishuka Nyali, Vipingo au Diani uko usawa wa bahari. Hewa ya chini ni nzito zaidi, inaushika mpira. Kanuni ambayo watu wa gofu wanaitumia ni hii: chukua mwinuko kwa futi, zidisha kwa 0.00116, unapata asilimia ambayo mpira unaongezeka. Arusha ni futi 4,600 hivi, sawa na asilimia 5.3. Kwa hiyo ayoni 7 yako ya mita 150 inakuwa ya mita 142 na nusu pwani, na weji yako ya 105 inatua kwenye mita 100. Hayo ni makadirio, maana fimbo fupi hazipotezi sawasawa na draiva, lakini yanatosha kueleza mipira yako "mifupi". Mita 5 kwa weji ni tofauti ya kuputi kutoka mita 3 na kuputi kutoka mita 8, au ya kutua grini na kubaki mdomoni mwa bunka, lile shimo la mchanga. Zile puti 34 nyingi zimezaliwa hapo: unaanza kuputi ukiwa mbali zaidi.

Utasikia kwamba hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu. Sivyo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na joto nalo linausaidia mpira kidogo. Kinachokukamata ni usawa wa bahari, halafu upepo. Kati ya Aprili na Oktoba kusi inavuma, na mashimo yanayoelekea baharini yanaweza kukudai fimbo mbili zaidi. Usijibu upepo wa mbele kwa kupiga kwa nguvu. Ukiongeza nguvu unaongeza mzunguko wa nyuma, mpira unapanda kama tiara na kudondoka palepale. Chukua ayoni 5 mahali pa 7, shika mpini chini kidogo, peleka mikono nusu, malizia chini.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao umewaumiza wengi wanaohama viwanja: kipimo chenyewe. Viwanja vingine vinaandika yadi, vingine mita, na vijitabu vya mashimo vivyo hivyo. Yadi 150 ni mita 137. Ukiona nguzo ya 150 ukaipigia ayoni 7 yako ya mita 150, umevuka shabaha kwa mita 13. Swali la kwanza kwa kedi wa mahali pale siku ya mazoezi liwe hilo, na la pili liwe kama nguzo zinapima hadi mwanzo wa grini au hadi katikati.

Dawa yake ni jedwali la weji, na utalitengeneza mara mbili. Kwa Arusha, nenda uwanjani alfajiri kabla ya upepo ukiwa na mipira 10 ya aina ile ile unayochezea mashindano. Mipira ya uwanja wa mazoezi imechoka, inaruka mifupi, itakudanganya. Chukua weji zako tatu. Kila moja ipige kwa mikono mitatu: mkono wa kushoto ukifika kiunoni, ukifika kifuani, na ukifika begani. Mipira 10 kwa kila mkono, jumla 90, gawanya siku tatu ili uchovu usiingie kwenye namba. Pima mahali mpira ulipotua. Uliposimama baada ya kubiringika hapahusiki. Tupa miwili mirefu kuliko yote na miwili mifupi kuliko yote, chukua wastani wa sita iliyobaki. Andika namba 9 kwenye kipande cha karatasi, kifunike kwa plastiki, kibandike kwenye kijitabu chako. Kisha siku ya kwanza ukishuka pwani rudia zoezi kwa mikono mitatu ya weji moja tu. Ukiona tofauti ni asilimia 4 au 5, punguza hiyo hiyo kwenye namba zote 9. Hii ni kazi ya saa chache, na kwa mchezaji wa kiwango chako tunaamini ina thamani kuliko fimbo yoyote dukani. Kifaa cha kupimia umbali kinaruhusiwa na sheria isipokuwa waandaaji wakikataza, ila hakikisha kipimo cha mteremko kimezimwa. Ukikitumia mara ya kwanza ni mikwaju 2, mara ya pili unaondolewa.

Nyasi nazo ni kitu kingine kabisa. Viwanja vingi vya Nairobi fawei zake, njia za kati ya tii na grini, ni nyasi za kikuyu, nene, zinaubeba mpira kama uko juu ya tii. Pembeni ya grini zinafanya kinyume: mpira unazama na majani yanakamata shingo ya weji, uso unajifunga, mpira unakwenda kushoto. Hilo unalijua, umekulia nalo. Pwani utakutana na nyasi za bermuda, na hizo zina upande zinaoelekea. Simama nyuma ya mpira uangalie grini kati yako na shimo. Ukiona inang'aa, majani yanakwenda na wewe, puti itakimbia. Ukiona imekolea na haina mng'ao, yanakujia, puti itakufa njiani. Ukibaki na shaka, sogea mpaka shimo lenyewe uinamie ukingo wake. Upande mmoja utakuwa umekatika safi kama kwa wembe, upande wa pili utakuwa umechakaa, majani yamekatika na kukauka. Nyasi zinaelekea upande ule uliochakaa. Fanya hivyo kwenye grini ya mazoezi kwa mashimo sita, uputi kwenda na kurudi kutoka mita 9, mpaka mwili uone tofauti ya kasi. Na mpira ukiwa pembeni ya grini huku majani yanakujia, acha weji ya digrii 58. Ncha yake itachimba ardhi. Tumia puta, au ayoni 8 kwa mkono wa kuputi, mpira ukimbie chini.

Draiva ya 1,800,000 usinunue. Mita 250 za Arusha zinatosha kabisa kwa daraja hili, na hakuna neno hata moja kwenye barua yako linaloonyesha unapoteza mipira kwenye tii. Fedha hiyo ni karibu wiki mbili za mashindano ya Nairobi. Ukiwa na kitu cha kutumia kwenye vifaa, badilisha vishikio vya fimbo, na weji ambayo mistari ya usoni imelika. Weji iliyolika haishiki mpira, hasa nyasi zikiwa na umande.

Lile la kuchelewa, sheria iko wazi. Ukifika tayari kucheza ndani ya dakika 5 baada ya saa yako, ni mikwaju 2 kwenye shimo la kwanza. Ikizidi 5, unaondolewa. Wewe ulilipa mikwaju 2 na ukakosa kwa 1, kwa hiyo hii ndiyo mikwaju rahisi kuliko yote kuirudisha. Lala mahali ambapo unaweza kufika uwanjani kwa miguu au kwa pikipiki ya dakika 10, hata kama chumba ni ghali kwa 15,000 zaidi. Fika dakika 75 kabla. Dakika 10 za mwisho uwe umesimama karibu na tii, umehesabu fimbo zako kuwa hazizidi 14, umetia alama mpira, na umepokea kadi ya mchezaji mwenzako. Siku za mvua muulize msimamizi wa tii ya kwanza kama kanuni ya kuinua, kusafisha na kuweka mpira inatumika, na unaweka ndani ya umbali gani, kwa kuwa waandaaji wanaweza kuchagua inchi 6, urefu wa kadi au urefu wa fimbo. Usidhani ni ile ya wiki iliyopita.

Sasa kazi na mjomba.

Chukua kazi, lakini jadili mkataba kabla ya kusaini. Omba wiki 6 za ruhusa kwa mwaka, zilizotajwa kwa maandishi, utakazochagua ratiba ya Tour ikitoka. Omba pia saa mbili za asubuhi kila siku ya kazi ziwe zako za mazoezi kabla ya mwanafunzi wa kwanza. Klabu nyingi zitakubali, maana mwalimu anayecheza Tour anawavutia wanachama. Wakikataa wiki 6, kubali 4, chini ya hapo usisaini. Kufundisha kuna hatari yake: unakaa siku nzima unaangalia mikono mibovu na kuonyesha mipira ya polepole, na yako inalegea bila kujua. Saa zile mbili za asubuhi ndizo kinga.

Msimu ujao cheza wiki 5 za Nairobi na jirani, jumla 4,550,000, na wiki moja ya pwani mwishoni, 1,350,000. Jumla 5,900,000. Ukipata kama mwaka huu, 2,900,000, pengo ni milioni 3 kamili. Ukiweka 300,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara kwa miezi 10, pengo limezibwa bila kumrudia mjomba. Ni kweli, kuacha wiki mbili za pwani kunakunyima nafasi ya kupanda kwenye orodha ya msimu, na tunajua inauma. Lakini mwaka huu wiki tatu za kule zimekula 4,050,000 na hazikukupa hata senti.

Na kedi: umesema unamlipa kwa siku, hukutaja asilimia. Ukipita mchujo naye anategemea kitu. Utaratibu uliozoeleka kwenye gofu ya kulipwa ni asilimia 5 ya zawadi, 7 ukiingia kumi bora, 10 ukishinda. Kubalianeni kabla ya mpira wa kwanza, na uiweke kwenye bajeti. Kwa zawadi zako za mwaka huu ingekuwa angalau 145,000.

Mjomba mpelekee karatasi moja. Juu uandike deni lake la milioni 6 na tarehe utakayoanza kulipa, hata kama ni 100,000 kwa mwezi kutoka kwenye mshahara. Chini yake weka jedwali la mashindano 8 na tofauti yako na mstari wa mchujo, kama tulivyofanya hapa, na mpango wa wiki 6. Halafu jiwekeeni mstari wa kuacha, mkiwa wote wawili mezani. Sisi tungeuweka hivi: baada ya mashindano 5 ya mwanzo, kama wastani wako uko ndani ya mchujo kwa mikwaju 2 au zaidi, tafuta fedha ya kwenda mashindano ya kufuzu ya Sunshine Tour huko Afrika Kusini. Kama uko kati ya sifuri na 2, maliza msimu na ubaki na kazi. Kama bado uko nje ya mstari ilhali hukuchelewa mara hata moja na jedwali la weji liko mfukoni, ile wiki ya pwani usiilipie. Fedha yake mpe mjomba.